Mteja Mwaminifu

Ujumbe uliingia kwenye simu saa kumi na moja alfajiri, nikiwa bado kitandani. "Ndugu mteja mwaminifu, pointi zako 4,120 zitaisha muda wake tarehe 31." Ulitoka kwa shirika la ndege ambalo nimesafiri nalo mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza lilikuwa na tiketi ya bei ya chini kuliko mengine. Mara ya pili tiketi ilinunuliwa na watu walionialika kwenye warsha, sikuulizwa. Hiyo ndiyo historia nzima ya mapenzi yetu. Na bado, hapa niko, mwaminifu.

Ujumbe ulikuja kwa Kiswahili kwa sababu nilipojaza fomu yao nilichagua Kiswahili, kwa ushabiki tu. Sasa kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu na kuyatafutia makosa. Sisi watu wa fasihi tuna mazoea ya kuyaruka maandishi ya aina hii: matangazo, tiketi, kadi, jumbe za simu. Tunasema hayo ni ya biashara. Lakini mtu ambaye hajawahi kumaliza riwaya hata moja huyasoma haya kila wiki, na yanamfundisha maana za maneno bila yeye kujua. Kwa hivyo nimeamua kuusoma ujumbe huu kama ninavyosoma shairi, nikianza na lile neno moja lililonikera.

Mwaminifu.

Neno hili ni la ukoo mmoja na amini, imani na amana. Amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie. Ukisafiri ukamwachia jirani ufunguo wa nyumba, ule ufunguo ni amana, na jirani ndiye anayetakiwa kuwa mwaminifu. Wewe mwenye nyumba hakuna anayekuuliza kama u mwaminifu kwa jirani. Haiingii akilini. Mtihani ni wa aliyepokea.

Haya, turudi kwa ndege. Nani amempa nani kitu atunze? Mimi nimewapa pesa miezi miwili kabla ya safari. Nimewapa sanduku. Nimewapa mwili wangu mzima wauinue futi elfu thelathini na kitu juu ya Sudan usiku nikiwa nimelala mdomo wazi. Wao wamenipa nini nitunze? Blanketi, na hata hilo wanalichukua kabla ya kutua. Lakini mwisho wa yote ni mimi ninayepewa cheo cha uaminifu, tena cheo chenye tarehe ya kuisha.

Utaniambia kwamba hata mume na mke husemwa ni waaminifu. Sawa. Ila pale kila mmoja ni amana ya mwenziwe. Hakuna ndoa ambayo upande mmoja hutuma ujumbe alfajiri kuhesabia mwingine pointi. (Kama ipo, poleni.)

Ningeliacha jambo hili hapo, niwe nimecheka na kuufuta ujumbe, kama si shangazi yangu.

Shangazi anaishi karibu na Kebirigo, kaunti ya Nyamira. Binti yake yuko Minnesota, kama watoto wa nusu ya kijiji. Ukitaka kujua Wagusii wako wapi duniani, nenda mitaa ya Brooklyn Park kando ya Minneapolis, utasalimiwa kwa Ekegusii dukani. Binti alijifungua mwaka jana, na kama ilivyo desturi sasa, bibi lazima aende kulea mjukuu ili mama arudi kazini. Viza ikapatikana. Kazi ya kutafuta tiketi nikapewa mimi kwa sababu, kwa maneno ya familia, mimi ndiye mtu wa kompyuta.

Nilikaa na tovuti usiku mbili. Nikapata njia ya kupitia Ghuba, kisha Chicago, kisha Minneapolis. Ndege tatu, lakini ilikuwa na nafuu ya shilingi 31,000 kuliko iliyofuata. Nikampigia simu nikijisifu.

"Shangazi, nimepata."

"Ni ile ya bluu?"

"Hapana, hii ni nyingine. Lakini ni nzuri, na tumeokoa elfu thelathini na moja."

Akanyamaza kidogo. "Tata," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la baba yake, na kwa Ekegusii tata ni baba. "Tata, mimi nitaenda na ile ya bluu."

Nilidhani ni mambo ya rangi. Nilidhani pia ni ushamba, nakiri, nikaenda kwenye kundi la WhatsApp la familia kumsengenya kidogo kwa heshima. Binamu wawili wakaniunga mkono. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ile ya bluu, kwa njia, si chaguo la kijinga. Ukitoka Nairobi na KLM unafika Amsterdam, na kutoka Amsterdam kuna ndege ya moja kwa moja hadi Minneapolis, kwa ushirikiano wao na Delta. Unabadilisha mara moja tu. Kwa bibi wa miaka sitini na tisa asiyeweza kusoma ubao wa Chicago, hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu. Lakini haikuwa sababu yake.

Ili kuelewa jinsi watu wa kwetu wanavyochagua chombo cha kusafiria, mtu asianzie uwanja wa ndege. Aanzie steji ya Kisii mjini, siku ya Ijumaa jioni.

Mgeni utamjua. Anavutwa mkono huku na begi kule, makanga watatu wanamwambia gari limejaa limebaki kiti kimoja, anaingia anakuta limebaki viti kumi na kimoja. Mwenyeji havutwi. Anapita katikati ya kelele kama mtu aliyeziba masikio, anaenda moja kwa moja kwa kampuni yake. Iwe Transline, iwe Ena Coach, iwe Guardian, kila nyumba ina yake, na ukiuliza sababu utapewa ya uongo kwanza. Watasema viti ni vikubwa. Watasema haisimami sana Narok. Ukikaa nao zaidi ndipo utasikia kuhusu mizigo.

Mama yangu, kabla hajapanda gari la kampuni mpya, hutuma ndizi zipande kwanza.

Sitanii. Kampuni ikifungua ofisi, yeye hapeleki mwili wake. Anapeleka mkungu, gunia dogo la maparachichi, na chinsaga iliyofungwa kwenye karatasi, jina langu na namba yangu ya simu vimeandikwa kwa kalamu nene. Mimi nazipokea River Road kesho yake asubuhi. Jioni anapiga: zimefika ngapi? Zimepondeka? Ulizungushwa? Karani alikusemesha vipi? Baada ya mizigo mitatu au minne ndipo yeye mwenyewe anakata tiketi. Nilipokuwa kijana niliona ni tabia ya uchoyo, kutaka kila parachichi lihesabiwe. Siku hizi naona ni uhakiki wa hali ya juu kuliko huu ninaoufanya mimi. Tangazo limebandikwa ukutani linasema sisi ni salama, sisi ni wa kuaminika. Yeye halibishii wala haliamini. Analipa ndizi zikalisome.

Na hapo mwaminifu ni nani? Ni gari. Mama husema hivyo hivyo: "Hao ni waaminifu." Sijawahi kumsikia akijiita yeye mwaminifu kwa basi.

Kuna siku mkungu ulipotea. Kampuni siitaji. Mama alipanda hadi ofisini Kisii, akakaa kwenye benchi la abiria saa tatu asubuhi, akakataa kuondoka. Hakupiga kelele. Kila abiria aliyeingia alimsalimia, "Bwakire buya," kisha akamweleza habari za mkungu. Kufikia saa saba meneja alikuwa amelipa ndizi kwa bei ya Nairobi, na si ya Daraja Mbili. Nilidhani baada ya hapo angehama. Alikaa nao miaka mingine sita.

Kuhusu hili, mwanauchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu mwaka 1970, *Exit, Voice, and Loyalty*, na wengi hawajui kwamba wazo lake lilianzia Afrika, kwenye reli ya Nigeria. Hirschman aliona reli ile inazidi kuwa mbovu ilhali malori yanashindana nayo, hata kwa kubeba karanga safari ndefu ambayo treni ingepaswa kushinda. Tumezoea kuambiwa ushindani hurekebisha. Yeye akaona kinyume: wateja ambao wangepiga kelele ndio waliohamia malori, na reli ikabaki na hazina ya serikali ya kuilisha na kimya cha kuifariji. Mteja ana njia mbili, asema Hirschman: kuondoka, au kusema. Uaminifu ni ile gundi inayomfanya akae muda wa kutosha ili aseme.

Naipenda hoja hii kwa sababu inamweleza mama yangu kwenye benchi. Alikaa kwa sababu alisikizwa. Lakini inaziumbua vilevile programu za mashirika ya ndege. Gundi wanayo, tena nyingi. Benchi hawana. Jaribu kudai sanduku lililopotea kwa namba ya simu inayopiga muziki dakika arobaini, halafu uniambie ni nani wa kusalimia na kumsimulia.

Programu hizi si za kale. American Airlines ilianza yake, AAdvantage, mwaka 1981, wakati serikali ya Marekani ilikuwa imeacha kuyapangia mashirika nauli na njia, na kila mtu akawa anamnyang'anya mwenzake abiria. Wazo lilikuwa rahisi: hesabu maili, mpe abiria safari ya bure. Kulikuwa na aina ya haki hapo, umetoka mbali umepata zaidi. Kisha hesabu ikabadilika. Flying Blue, programu ya Air France na KLM ambayo Kenya Airways nayo iliitumia kwa miaka mingi kabla ya kuwa na Asante Rewards yake, ilihamia mwaka 2018 kwenye kuhesabu pesa ulizolipa badala ya umbali uliosafiri. Maana yake ni kwamba anayekwenda mkutano Paris na kurudi kwa tiketi ghali ni mwaminifu kuliko shangazi anayevuka dunia kwa tiketi iliyochangwa na watu kumi na saba. Umbali aliobeba moyoni hauna mahali kwenye fomu.

Na kuna wale ambao hawachagui kabisa. Umewaona JKIA, wasichana wamevaa fulana za rangi moja, bahasha mkononi, wanaelekea Riyadh au Doha. Wengine wametoka Nyamira, Borabu, Bobasi. Tiketi imenunuliwa na wakala, njia imepangwa na wakala, na ya kurudi iko mikononi mwa mwajiri. Maandishi yote ya uaminifu yameandikwa kwa mtu mwenye hiari. Sijui hawa tuwaite wateja wa aina gani.

Tuiseme Kenya Airways pia, maana huwezi kuandika haya ukiwa Mkenya ukairuka. Ilizaliwa mwaka 1977, baada ya East African Airways kufa pamoja na Jumuiya. Mwaka 1996 KLM ikanunua asilimia 26. Kaulimbiu yake ni *The Pride of Africa*, na mimi kama msomaji nina ugomvi nayo. Fahari ni jambo la kuonyesha. Simba anaonekana vizuri kutoka mbali. Kaulimbiu ile haituahidi kutunzwa, inatualika kujivunia. Na tumejivunia kweli. Oktoba 28, 2018, ndege yake ya kwanza ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York ilipopaa, nilikuwa mmoja wa wale waliotokwa na machozi mbele ya simu. Katika kundi la familia, watu wa Minnesota walishangilia usiku kucha. Kisha mmoja akauliza: kutoka New York hadi Minneapolis je? Kundi likapoa.

Lakini uaminifu kwa KQ una jambo la ajabu ambalo haliko kwa mashirika mengine. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2, na serikali ikaja kudhamini mikopo yake. Yaani mama wa Nyamusi anayenunua sukari na sabuni zenye kodi, ambaye hajawahi kuona ndege ikiwa chini, ameisaidia KQ kubaki angani. Kwa hesabu hiyo yeye ndiye abiria wa daraja la juu kabisa. Pointi zake ziko wapi? Ninauliza nikiwa mpenzi wa KQ, na ninajua hilo ni kama kuwa mpenzi wa Harambee Stars.

Sitaki msomaji aondoke akidhani Kisii tumeshinda jambo hili. Uaminifu wetu una upande mchafu. Tunapanda gari kwa sababu mwenyewe ni wetu, wa upande wetu, wa kanisa letu. Dere akilala na kona za Narok kwa kasi ya kichaa tunanyamaza, kwa sababu ni mtoto wa fulani na kumkemea ni kuaibisha nyumba. Hapo ile gundi ya Hirschman haileti sauti, inaiziba. Na Desemba, nauli inapopanda maradufu na mtu anasimama steji na watoto wanne na kuku, zile kampuni tulizozipima kwa ndizi mwaka mzima hazitukumbuki. Najua jamaa wa Keroka ambao Desemba huenda Kisumu kwa ndege na kushuka Kisii kwa matatu, wakisema tofauti ya bei si kubwa sana. Tofauti ni kubwa. Wanalipia hasira.

Basi, ile ya bluu.

Nilimtembelea shangazi Kebirigo wiki moja baadaye, nikiwa na karatasi nimechapa njia zote mbili, bei zimepigiwa mstari. Akanipa chai. Akaiangalia karatasi kwa adabu, akaiweka kando ya sinia.

"Ulikuwa wapi kakangu alipoletwa?" akauliza.

Baba mdogo alifia Minneapolis mwaka 2014, majira ya baridi. Mimi nilikuwa chuo, nilifika mazishini tu. Sikujua habari za kabla. Wenzetu wa kule walifanya harambee kanisani kama wanavyofanya kila mara, pesa zikapatikana, mwili ukapewa nafasi kwenye ndege. Shangazi na wazee watatu walisafiri usiku kutoka Nyamira kwenda Nairobi na gari la kuchukua jeneza. Walikuwa wameonywa na wengine: mwili waweza kuchelewa, waweza kuachwa kwenye uwanja wa katikati, kuna watu wamekaa siku nne wakilala kwenye gari na kijiji kikiwa kimeshapika. Maana mwili, kwenye ndege, ni mzigo. Unapimwa kwa kilo, una hati ya mzigo, unashukia upande wa mizigo.

"Walisema Jumatano," shangazi akasema. "Akafika Jumatano."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Akainua birika kuniongezea.

Nilirudi Kisii mjini na matatu ya jioni, ile karatasi imekunjwa mfukoni. Nilikuwa nimeandika nusu ya makala haya kichwani, yenye kucheka pointi na blanketi, na nikaona kwamba nilikuwa nimelifungua lile neno bila kulisikia likitumika. Shangazi alikuwa ameweka amana ambayo mtu huiweka mara chache sana maishani, na ikarudi siku iliyoahidiwa. Sijaona pointi zikitolewa kwa safari kama ile. Shirika lenyewe halijui kwamba yupo. Kwenye mashine zao yeye ni abiria mpya, hajawahi kuruka nao, hana cheo.

Niliwaandikia binamu kwenye kundi kwamba tunahitaji shilingi 31,000 zaidi. Nikaeleza kwa nini. Zilifika kwa M-Pesa kabla ya saa nne usiku, na yule aliyenicheka nami zaidi alituma elfu kumi peke yake.

Tulipima masanduku mara tatu kwa mizani ya kununua majani chai: mawili, kilo 23 kila moja. Kiboko cha mawe cha Tabaka alichomnunulia mkwewe kikatolewa, kikarudishwa, kikatolewa tena. Unga wa wimbi haukuguswa.

Kitu kimoja sikukitarajia. Wiki tatu kabla ya safari, tiketi ikiwa tayari imelipwa na haina marejesho, alinipigia kuniuliza kama kuna mtu yeyote anayekwenda Minnesota na ile ndege kabla yake. Akapatikana mwanamume mmoja wa Keroka. Shangazi akampelekea kifurushi: kilo mbili za wimbi na chinsaga iliyokaushwa, jina la binti yake limeandikwa kwa kalamu nene.

Kilifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi alianza kufunga sanduku.